Dhiraa Konde

Mkono wa Mwalimu ulikuwa na vipimo viwili, na sisi tuliokaa mbele yake kila Alhamisi tuliomba atumie kile kifupi. Kipimo kirefu kilianzia kwenye kiwiko kikaishia kwenye ncha ya kidole cha kati: hiyo ndiyo dhiraa kamili. Kifupi kilianzia hapo hapo, lakini vidole vilifumbwa, kikaishia kwenye ngumi: dhiraa konde. Kitu kile kile ukikipima kwa konde kinatoka na hesabu kubwa zaidi. Mwalimu alifumba na kufumbua vidole vyake bila kumweleza mtu sababu, na mzazi aliyekuja kulalamika kwamba wa jirani umepimwa kwa konde na wake kwa vidole alijibiwa, "Mkono ni wangu, si wa serikali."

Alichokuwa akipima ni ukili, ule utepe mrefu wa miaa ya mkindu ambao wanawake wa kwetu huusuka kwanza, kisha wakaushona kuwa mkeka. Alifundisha chekechea na darasa la kwanza katika kijiji chetu kisiwani Pate, na alijua mambo mawili kuhusu mama zetu. La kwanza, hawakuwa na nafasi ya kukaa tu, mikono mitupu, wakimsikiliza mtoto akisoma. La pili, ukimwambia mama atie sahihi kwenye daftari kila jioni kuonyesha kwamba mwanawe amesoma, atatia sahihi za wiki nzima kwa mkupuo mmoja, asubuhi ya kukaguliwa, huku chai ikichemka. Basi akabuni jambo lake. Baada ya magharibi mtoto akianza kusoma kwa sauti, mama anaanza kusuka. Mtoto akinyamaza, mikono inasimama. Akiendelea, inaendelea. Alhamisi mtoto analeta ukili shuleni, Mwalimu anaupima mbele ya wote, anaandika kwenye daftari lake, kisha anaurudisha kwa mwenyewe akaushone mkeka wake. Mama hakupoteza kazi na mtoto hakukosa wa kumsikiliza.

Sharti lilikuwa moja tu: mtoto akikwama, asipewe neno. Hilo alilisimamia kuliko jambo lolote. Mama anayejua kusoma alikatazwa kumtamkia mwanawe, na asiyejua alikuwa salama kwa sababu hakuwa na la kumtamkia. Mtoto anakwama, mikono inasimama, watu wawili wanakaa kimya wakiitazama herufi. Mwalimu mwenyewe darasani alifanya hivyo hivyo. Ungeweza kukwama mpaka jasho likakutoka, naye amekaa chini kwenye jamvi, maana kiti hakukipenda, miwani yake imefungwa kwa uzi mweusi, anakutazama bila hasira na bila huruma. Mwenzako akinong'ona jibu alinyanyua kidole. "Muacheni. Neno li ndiani, laya."

Neno liko njiani, linakuja. Nadhani nimeisikia kauli hiyo mara nyingi kuliko jina langu. Aliisema kwa watoto, kwa wanawake waliokuwa katika uchungu wa kuzaa, kwa bwana mmoja mwenye kigugumizi aliyekuwa akija kumsalimia. Hata wazee wa mtaa waliokuwa na desturi ya kummalizia maneno bwana yule waliacha, kwa kumwogopa Mwalimu.

Maana alikuwa akiogopwa. Sitaki mtu adhani namchora mama mwema wa kwenye vitabu. Alikuwa na ulimi. Alimwambia mke wa tajiri mmoja, mbele ya watu, kwamba ukili wake umesukwa na mtumishi, na mtumishi mwenyewe hata hakuwa akisikiliza. Aliwatukana punda waliosimama mlangoni pa darasa, kwa majina ya wenye punda hao. Kahawa aliinywa chungu na akamcheka kila anayetia sukari. Mtoto aliyemwambia uongo mdogo, wa kwamba kitabu kimeliwa na mbuzi, alimpeleka mkono kwa mkono mpaka kwa mbuzi na kumtaka arudie mbele yake. Sote tulimfahamu kama mtu asiyevumilia uongo, na hapo ndipo ninapokwama mimi kila nikijaribu kumweleza mtu.

Alikuwa na ujuzi mmoja ambao sijauona kwa mwalimu mwingine. Aliweza kuusoma ukili. Anafumba macho, anaupitisha taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada, na anakwambia, "Hapa alikwama. Hapa tena. Hapa alisoma mbio bila kufahamu." Sisi watoto tulidhani ana jini. Kumbe ni jambo la mikono. Msukaji akisimama na kuanza tena, mvuto haurudi sawasawa na ule wa kwanza. Chane za miaa hulegea kidogo, ukingo hujipinda kwa upana wa punje. Jicho halioni. Kidole kilichozoea kinaona. Ukili wa mama aliyemsikiliza mwanawe kwa kweli ulikuwa umejaa vituo, na ule uliosukwa tu, bila mtoto, ulikuwa laini kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikiwa na miaka minane alinifunga macho kwa ncha ya mtandio wake akanifundisha. Alisema nina vidole vizuri. Nilijivuna mwezi mzima, na nadhani sijaacha kujivuna mpaka siku niliyovitumia.

Kwa nini alinifundisha mimi? Kwa sababu nilikuwa jikoni kwake kila jioni.

Mama yangu alikuwa akifua mashuka katika nyumba ya wageni kule Ras Kitau, inayotazamana na Shela, na nyumbani alikuja mwisho wa mwezi. Mimi nililelewa na bibi, ambaye macho yalikuwa yameshafifia na vidole vimempinda. Alhamisi ya kwanza nilikwenda shuleni bila ukili, nimekaa nyuma kabisa, nikitamani jamvi linimeze. Mwalimu alinipita kana kwamba hanioni. Siku ile ile, nilipotoka chuoni kusoma Kurani, alikuwa amesimama nje ya nyumba yake. "Ndoo," akasema, akiniita kwa mkono. "Keti. Soma." Nikasoma, naye akasuka. Alhamisi iliyofuata alitia mkono kwenye mfuko wangu wa vitabu, akatoa ukili ambao mimi sikuutia, akaupima kwa sauti kama ya wengine wote, na kwenye daftari akaandika jina la mama yangu.

Nililiona jina lile. Nilijua ni uongo, na nilijua nani ameusema. Nilikuwa na furaha isiyo na kiasi.

Mwisho wa mwezi mama alipokuja, wanawake wakampongeza kwa ukili wake. Akanitazama, mimi nikatazama chini. "Alhamdulillahi," akawajibu, asiulize kitu. Jioni alimpelekea Mwalimu kipande cha sabuni ya wageni, kile kidogo kilichofungwa karatasi yenye picha ya ua. Mwalimu hakukifungua. Alikiweka kwenye kidaka cha ukuta wa jiko lake, na kwa miaka yote niliyosoma pale nilikiona kila siku, karatasi ikififia. Mama alifariki kabla sijamaliza sekondari. Kwenye madaftari ya Mwalimu yeye ni mmoja wa akina mama waliowasikiliza wana wao kuliko wote.

Sasa niseme kazi niliyokuja kuifanya mimi. Niko na kampuni ya Mombasa inayotathmini miradi. Mtu analeta mradi, tuseme wa kuwashirikisha wazazi katika masomo ya watoto wao. Baada ya miaka kadhaa anataka kujua kama umefanya kazi. Sisi tunakwenda na fomu. Kwa miaka mingi nimeuliza mamia ya akina mama wa pwani, "Katika siku saba zilizopita, umekaa na mtoto wako akisoma mara ngapi?" Nao hunijibu, "Kila siku." Wote. Mara moja nilimpelekea Mwalimu jambo hili, nikimlalamikia, naye alicheka mpaka akavua miwani. "Mgeni akikuuliza umekula," akasema, "wamjibu nini?"

Kwetu unamjibu umekula, alhamdulillahi, hata kama tumbo linalia. Ukimwambia huna, umemtia mgeni aibuni. Wenye fomu hawakulijua hilo, na mimi niliyelijua nilikuwa nikiandika "kila siku" na kuendelea na swali la kumi.

Mradi ulipofika kijijini kwetu ulikuja na sanduku la vitabu vya hadithi, vya rangi, vya kushikika, na mikutano ya wazazi kila mwezi. Walimkuta Mwalimu na ukili wake, wakapendezwa sana, wakampiga picha, wakamfanya msimamizi wa wazazi. Waliposema kwamba baada ya tathmini vijiji vitakavyofanya vizuri vitaachiwa sanduku na kuongezwa la pili, Mwalimu hakulala kwa furaha. Alivijua vitabu vile kimoja kimoja, na alikuwa akivifuta vumbi kwa mtandio wake. Alikuwa amefundisha miaka yake yote kwa kitabu kimoja kwa watoto watano. Sanduku lile ndilo lililokuwa hatarini siku nilipopelekwa na kampuni kutathmini kijiji changu mwenyewe.

Nilipelekwa kwa sababu mimi ni mwanamke na mwenyeji. Kiongozi wetu alikuwa kijana wa Nairobi, mtu mpole, ambaye mwaka wa nyuma huko Lamu mjini alikuwa ameketishwa kwenye daka, lile baraza la mawe mlangoni, akapewa maji na tende, akawauliza waume maswali yanayohusu wake zao. Alirudi na majibu safi yasiyo na maana yoyote. "Wewe utaingia ndani," akaniambia kwenye mashua. "Hawa wa kwenu hawawezi kukuficha kitu, si ndio?"

Ilikuwa Alhamisi. Darasani kili zimepangwa kwenye jamvi, kila mmoja umefungwa kitambaa chenye jina la mtoto. Mwalimu alinikumbatia mbele ya wote, akawaambia watoto, "Huyu alikuwa akikwama kuliko nyinyi." Walicheka. Kiongozi wangu alisimama mlangoni na tableti yake akiuliza, kwa haki kabisa, "Lakini hizi tunajuaje ni za kweli? Mtu si anaweza kusuka tu?"

Ningeweza kunyamaza. Nilitaka aone kwamba mimi ninajua kitu asichokijua yeye. Niseme ukweli, hakukuwa na sababu nyingine. Nikapiga magoti kwenye jamvi, nikafumba macho, nikaanza kuzipitisha vidoleni. "Huyu alisoma. Alikwama hapa na hapa. Huyu pia. Huyu alisoma kidogo, lakini alisoma." Nikamsikia akisema "Aisee." Nikachukua mwingine. Ulikuwa laini. Niliupitisha wote, dhiraa tatu nzima, nikatafuta hata kituo kimoja nisikipate.

"Huu hakuna mtoto aliyesoma," nikasema.

Nikafumbua macho nikakisoma kitambaa. Zuhura.

"Zuhura ni nani?" akauliza kiongozi wangu. Watoto walikuwa wamemgeukia Mwalimu. Mmoja akasema, "Yuko kwao." Mwalimu alinitazama vile alivyokuwa akinitazama nilipokwama, bila hasira, bila huruma, akingoja.

Niliambiwa na jirani wa kina Zuhura kabla ya adhuhuri. Zuhura alikuwa na miaka sita. Homa ilimshika Jumatatu. Jumanne walipotaka kumpeleka hospitali Lamu maji yalikuwa yametoka, mashua imekaa kwenye matope, na watu wakangojea maji yajae. Hayakuwahi. Alhamisi ya kwanza baada ya hitima, mamake alikuja kwenye dirisha la darasa, akaupitisha ukili kati ya vyuma vya dirisha. Mwalimu aliupokea. Akaupima mbele ya watoto, akataja dhiraa zake, akaandika. Alhamisi iliyofuata ukaja mwingine. Ulikuwa mwaka wa pili sasa. Mamake Zuhura alikuwa akiketi kila jioni baada ya magharibi, kitabu kimefunguliwa mbele yake, akasuka mpaka wakati wa isha. Naye ndiye mama pekee ambaye mikono yake haikusimama, kwa kuwa hakuwapo wa kukwama. "Na Mwalimu humpimia kwa vidole," akasema jirani yule. "Kwa Zuhura hajatumia konde hata siku moya."

Mwalimu nilimkuta mlangoni kwake. Hakunikaribisha ndani, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

"Umekwisha ambiwa?"

"Nimeambiwa, Mwalimu."

"Basi andika uloona. Siwezi kukwambia usiandike. Lakini na uloambiwa uandike pia."

"Inshallah," nikamjibu.

Fomu yetu kwa kila mtoto ilikuwa na visanduku vinne: yupo, hayupo leo, amehama, jina hewa, yaani la mtu wa kubuniwa. Aliyeiunda hakufikiria kwamba mtoto wa chekechea anaweza kufa. Chini yake kulikuwa na nafasi ya mistari mitano iliyoandikwa "Maelezo mengine". Niliketi gatini, mashua inanguruma, nahodha ananihimiza kwa sababu ya maji. Nikagusa "jina hewa". Kwenye "Maelezo mengine" sikuandika kitu.

Nimejipa sababu nyingi. Chaji ilikuwa inaisha. Hakuna anayeisoma nafasi ile. Ukweli ni ukweli, na sanduku la vitabu halipaswi kupewa watu kwa hesabu ya uongo. Hata leo hii ya mwisho siwezi kuipinga: kama kila msimamizi angeandika watoto wasiokuwapo, kazi yetu ingekuwa upuuzi. Lakini sababu yenyewe naijua. Niliogopa kwamba nikianza kuandika habari za mtoto aliyekufa anayeandikwa kuwa anasoma, sitaweza kuishia hapo. Itabidi nimwandike na yule mwingine, aliye hai, aliyesomea jikoni mwa Mwalimu kwa jina la mama aliyekuwa Ras Kitau akifua. Kwa fomu ile hata mimi nilikuwa hewa.

Ripoti ilipotoka ilisema kumbukumbu za kijiji haziaminiki. Sanduku la vitabu lilikuja kuchukuliwa likapelekwa kijiji kingine. Mwalimu aliambiwa, kwa heshima na kwa barua, apumzike. Na kwa kuwa jina hewa likipatikana lazima lithibitishwe, alitumwa kijana mwingine wa kampuni nyumbani kwa mamake Zuhura. Habari hii alinisimulia mwenyewe ofisini, akianza huku anacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Aliketi kwenye daka, akamuuliza aliyekuwa nyuma ya mlango, "Zuhura yupo?" Sauti ikamjibu, "Yupo." Akasema anaomba kumwona. Sauti ikasema, "Ngoja, nimwite."

Akangoja. Alingoja mpaka alasiri. Ndani hakikusikika kitu, na hakuna aliyetoka.

Mamake Zuhura hakusuka tena baada ya siku ile. Ndugu zake walikuja wakamchukua kwenda kwao Kiunga.

Tangu hapo nimefanya kazi Kililana, ambako baba wengi wamekwenda bandarini na mama wamebaki na mashamba na watoto. Nimefanya Faza, nimefanya Mpeketoni. Kila nikiingia darasani na orodha, nikiita majina, kuna pahali huwa nangoja jibu ambalo halimo kwenye orodha. Sijawahi kusikia kitu. Nangoja tu, walimu wananitazama, kisha naendelea. Wenzangu husema mimi ni mwangalifu.

Kwa Mwalimu sikwenda kwa miaka minne. Nilimtumia salamu kwa watu, nikamtumia kahawa na dawa ya macho, na yeye alinijibu kwa watu hao hao kwamba amepokea. Mwaka jana, baada ya Idi, nikaenda. Nilipiga hodi nikiwa tayari kutukanwa, nikitaka hasa kutukanwa, kwa ulimi ule ninaoujua.

"Ndoo," ikasema sauti jikoni.

Alikuwa amepungua. Miwani ilikuwa na uzi mpya, lakini macho nyuma yake yameingia ukungu, na aliujua uso wangu kwa kuushika. Jiko lilikuwa lile lile. Kwenye kidaka ile sabuni ilikuwapo, karatasi imekuwa nyeupe kabisa, ua limetoweka. Chane za miaa zilikuwa pembeni yake kwenye maji. Aliniuliza habari za Mombasa, za mume, za watoto. Mimi nikawa natafuta pa kuingilia, nikasema, "Mwalimu, ile siku..." Akanyanyua kidole.

"Nasikia uliandika," akasema. "Watu wote wameisoma, mimi sijasomewa. Unayo?"

"Ripoti ya wakubwa iko ofisini."

"Siitaki ya wakubwa. Ile ulioandika weye, kwa mkono wako."

Nilikuwa nayo. Kwa miaka minne nilikuwa nimeihamisha fomu ile kutoka simu hadi simu, sijui kwa nini, kama mtu anayehifadhi dawa iliyopitwa na wakati. Nikaifungua. Yeye akavuta chane, akazipapasa ncha, akaanza mwanzo wa ukili, kisha mikono ikasimama hewani.

"Soma," akasema.

Nikasoma. Jina la kijiji, jina la shule, idadi ya wazazi. Mikono ikaanza kwenda. Nikasoma swali la kwanza na jibu lake, la pili na jibu lake, na nikaisikia sauti yangu ikipanda na kushuka kama mtoto anayesoma asichokifahamu, na miaa ikikwaruza chini yake. Nikafika kwenye orodha. Nikataja watoto mmoja mmoja: yupo, yupo, hayupo leo, yupo. Nikafika.

"Zuhura," nikasoma. Nikanyamaza. Mikono ikasimama.

Mwalimu alikuwa amegeuza uso kuelekea mlangoni, ukili mapajani, vidole vimeshika chane mbili hewani. Nje watoto walikuwa wakipita kwenda chuoni. Nilitamani aniokoe, alitamke yeye, anitukane, afanye chochote. Nilikuwa na miaka thelathini na saba, na jasho lilinitoka vile vile.

"Jina hewa," nikasema mwishowe.

Mikono ikasuka mara mbili tatu. Ikasimama tena, kwa kuwa nilikuwa nimesimama.

"Kisha?" akauliza. "Hapo hapana kitu tena?"

"Kuna 'Maelezo mengine'."

"Yasome."

"Hayana kitu, Mwalimu. Sikuandika."

"Neno li ndiani," akasema. "Laya."

Kisha nikaanza kusoma pale pasipoandikwa kitu. Nikasema, Zuhura alikuwa na miaka sita. Nikasema maji yalikuwa yametoka. Nikasema mamake aliketi kila jioni na kitabu wazi, na kwamba katika kijiji kizima, na katika vijiji vyote nilivyotathmini, sijapata mzazi aliyeshiriki masomo ya mwanawe kuliko yeye. Nikakwama mara nyingi. Kila nikikwama alisimama, na kila nikiendelea aliendelea. Nikasema alikuwapo pia mtoto mwingine, aliyesomea hapa, kwenye jiko hili, na mama yake hakusuka hata chane moja, kwa sababu alikuwa ng'ambo akifua mashuka ya wageni, na Mwalimu aliandika kwamba alisuka. Nikasema mtoto huyo alikuwa akijua vyema kwamba ni uongo, na uongo ule ndio uliomfikisha alipo. Hapo nikalia, na kulia hakuhesabiwi kuwa ni kusoma, kwa hiyo mikono ilisimama mpaka nikamaliza.

Magharibi ikaadhiniwa. Mwalimu akafunga ncha ya ukili, akaukata kwa meno, akaupitisha vidoleni macho yamefumbwa, kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakuniambia alichokikuta. Akainama, akavuta kutoka chini ya kitanda cha kamba daftari lake, lile la zamani, akanipa mimi na kalamu, maana yeye haoni tena.

Kisha akaweka kiwiko chake juu ya ukili. Nilimtazama mkono. Vidole vilikuwa vimenyooka, vikakaa hivyo kidogo, kisha akavifumba.

"Dhiraa moya," akasema. "Andika. Kwa ina la mamako."

Ukili ule kwa vidole usingefika. Nikalifungua daftari mwishoni, pale palipobaki nafasi, nikaliandika jina la mama yangu.